Foleni ya Evergreen Park: kilichoyazima magari ya umeme Chicago, Januari 2024

Jumapili ya tarehe 14 Januari 2024, baridi iliyoshuka kutoka ncha ya kaskazini ilitua juu ya Chicago na kukaa. Usiku halijoto ilifika karibu nyuzi 23 chini ya sifuri, na kwa upepo uliokuwa ukivuma, mwili uliihisi kama nyuzi 34 chini ya sifuri. Hata mchana haikukaribia sifuri. Jumatatu yake, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Martin Luther King, jimbo jirani la Iowa lilifanya mikutano ya mchujo ya chama cha Republican katika baridi ambayo mikutano hiyo haikuwahi kuiona tangu ianze. Na katika vituo vya kuchajia vya Tesla vya eneo la Chicago, hasa kile cha Evergreen Park kusini na cha Oak Brook magharibi, kamera za televisheni zilinasa picha ambazo ndani ya saa chache zilikuwa zimezunguka dunia: magari yamejipanga kwa foleni ndefu, mengine yamezimika palepale yaliposimama, madereva wamejikunyata ndani, wengine wameyaacha na kuondoka, na magari ya kuvuta yanakuja kuyabeba.

Wafasiri wa picha hizo walipatikana upesi. Upande mmoja ulisema gari la umeme limeumbuka, ni chombo cha California na hakifai mahali penye kipupwe cha kweli. Upande wa pili ulisema magari hayana tatizo, ila madereva hawakusoma kitabu cha maelekezo. Wangepasha betri joto kabla ya kufika kituoni, wasingekwama. Nimezisikia hoja zote mbili zikirudiwa tangu siku hiyo, na zote mbili zinaniudhi, kwa sababu kila moja imemtazama mtu mmoja na gari moja. Kilichoyazima magari yale ni foleni yenyewe. Baridi iliianzisha, lakini kuanzia saa fulani foleni ilikuwa inajilisha, na dereva aliyeingia ndani yake akiwa na chaji kidogo hakuwa na la kufanya hata kama alijua kila kitu. Kwa Waafrika Mashariki wengi wanaoendesha Uber katika miji ya kaskazini ya Marekani, au wanaofikiria kununua gari la umeme na wana ndugu jimbo la tatu wanaowatembelea kila Desemba, kisa hiki kinastahili kufunguliwa polepole.

Betri ikipatwa na baridi

Betri ya lithiamu hutoa umeme kwa kusafirisha ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji, kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine, zikipita ndani ya kimiminika kiitwacho elektroliti. Baridi ikizidi, kimiminika hicho huwa kizito kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, na ioni hujivuta. Gari likiwa barabarani athari yake inavumilika. Nguvu hupungua, na sehemu ya umeme uliomo hubaki imefungiwa mpaka betri ipate joto. Kwenye Tesla sehemu hiyo huonyeshwa kwa rangi ya buluu kwenye alama ya betri. Umeme huo haujapotea, umezuiliwa tu, lakini kwa mtu aliyebakiwa na asilimia sita barabarani tofauti hiyo haimsaidii kitu.

Mambo hubadilika wakati wa kuchaji. Ioni zinazorudishwa upande wa seli uliotengenezwa kwa grafaiti, aina ya kaboni, zinatakiwa kupenya katikati ya tabaka zake. Grafaiti iliyopoa haizipokei kwa kasi. Ukizilazimisha zinajikusanya juu yake na kugeuka metali ya lithiamu, na hapo betri inapoteza uwezo wake moja kwa moja. Metali hiyo ikiendelea kuota inaweza kutoboa kizuizi kilicho kati ya pande mbili za seli na kuleta shoti. Kwa hiyo kompyuta inayoilinda betri hukataa. Mashine ya kuchajia inaweza kuwa na uwezo wa kilowati 250, lakini gari lililoganda litaomba sehemu ndogo tu ya umeme huo, na umeme wa mwanzo wote hutumika kuipasha betri joto. Asilimia kwenye kioo haisogei. Dereva anayetazama namba ileile kwa nusu saa, vidole vimekufa ganzi, ataamini mashine ni mbovu, atachomoa waya na kuhamia mashine nyingine, na huko ataanza upya. (Baadhi ya madereva wa Chicago walisema zipo mashine ambazo kweli hazikuwa zikifanya kazi. Ninawaamini. Lakini nyingi zilizodhaniwa zimekufa huenda zilikuwa zinapasha betri.)

Kiasi cha joto kinachohitajika kinaweza kukadiriwa. Pakiti ya betri ya gari la ukubwa wa kati ina uzito wa kilo 400 hadi 500. Kuitoa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri na kuifikisha nyuzi 20 juu ya sifuri kunataka kilowati-saa nne hadi tano (kilowati-saa moja ni umeme wa kilowati moja kwa saa nzima). Kwa kipasha joto cha kilowati sita hizo ni dakika 40 na zaidi kabla gari halijaanza kupokea umeme kwa kasi ya maana. Mwaka 2018 Maabara ya Taifa ya Idaho ilichapisha uchambuzi wa teksi za Nissan Leaf za jiji la New York, ikaonyesha kwamba kwenye nyuzi sifuri, nusu saa ya kuchaji kwa kasi iliingiza umeme pungufu kwa asilimia 36 kuliko kwenye nyuzi 25. Hiyo ni nyuzi sifuri, na Chicago ilikuwa nyuzi 23 chini yake.

Halafu kuna hita. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto, na joto hilo la bure ndilo linalowapasha abiria. Mota ya umeme haipotezi joto la kutosha, hivyo joto la ndani ya gari lazima linunuliwe kutoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme mwaka 2019 kwenye karibu nyuzi saba chini ya sifuri. Bila hita, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa ulipungua kwa asilimia 41. Pampu ya joto, ambayo Tesla ilianza kuiweka kwenye Model Y mwaka 2020 na kwenye Model 3 muda mfupi baadaye, hupunguza hasara hiyo sana baridi ikiwa ya wastani, kwa kuwa huhamisha joto badala ya kulizalisha. Baridi ikiwa kali mno hewa ya nje haina joto kubwa la kuhamisha, na faida yake hupungua wakati unapoihitaji zaidi.

Aina ya betri nayo ina neno. Betri nyingi za masafa marefu zina nikeli na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Kolwezi na kandokando yake. Betri za bei nafuu zaidi hutumia chuma na fosfeti, bila kobalti. Hizi za pili hudumu miaka mingi na ni salama zaidi zikipata ajali, ila baridi huziumiza zaidi wakati wa kuchaji. Tena volti yake karibu haibadiliki kuanzia chaji ikiwa nyingi hadi ikiwa kidogo, kwa hiyo kompyuta hupata shida kukisia kiasi kilichobaki. Kama hujaichaji hadi asilimia 100 kwa majuma kadhaa, namba unayoiona kwenye kioo inaweza kuporomoka ghafla katika baridi. Anayenunua gari lililotumika aulize ni betri ya aina gani kabla ya kuuliza lina kilomita ngapi.

Hesabu ya foleni

Sasa tuiweke foleni kwenye karatasi. Namba hizi ni za mfano, lakini haziko mbali na hali halisi.

Kituo kina mashine kumi. Siku ya kawaida gari hukaa dakika 25, kwa hiyo kituo kinahudumia magari 24 kwa saa. Yakija magari 15 kwa saa, hakuna anayesubiri. Baridi inaposhuka kila gari linahitaji dakika 75, kwa sababu limefika limeganda na kwa sababu dereva, akiogopa kurudi tena kesho, anataka kuondoka na asilimia 90 badala ya 60. Kituo kilekile sasa kinahudumia magari manane kwa saa. Yakija yaleyale 15, foleni inaongezeka kwa magari saba kila saa. Baada ya saa sita kuna magari 42 yanayosubiri, na wa mwisho ana zaidi ya saa tano mbele yake. Hakuna mashine iliyoharibika katika hesabu hii. Hakuna dereva aliyekosea.

Mtazame huyo wa mwisho. Ana gari lenye betri ya kilowati-saa 60 na amefika na asilimia 20, yaani kilowati-saa 12. Hita yake inakula kilowati tatu hivi ili ndani pakalike. Baada ya saa tatu imekula tisa. Amebakiwa na tatu, ambayo ni asilimia tano, na sehemu ya hizo imefungiwa na baridi. Alichagua njia ya busara: aliandika kituo kwenye ramani ya gari, nalo likaanza kuipasha betri kilomita nyingi kabla ya kufika, kama inavyoelekezwa. Kupasha huko kulimgharimu chaji, na saa tatu za kusimama kwenye upepo zimeirudisha betri kwenye baridi. Akizima hita ili kuokoa umeme, yeye mwenyewe yuko hatarini. Akiondoka kutafuta kituo kingine, huenda asifike, na akifika atakuta foleni kama ile. Anayefanikiwa kufikia mashine anafika na betri iliyopoa zaidi na tupu zaidi kuliko ilivyokuwa alipoingia kwenye foleni, kwa hiyo atachukua muda mrefu zaidi ya aliyemtangulia, na wa nyuma yake naye atasubiri zaidi. Hapo ndipo foleni inapojilisha. Gari likizimika katikati ya mstari, au mbele ya mashine, linaziba njia mpaka livutwe, na kituo chenye mashine kumi kinakuwa na nane.

Ndiyo maana ushauri wa kusoma kitabu cha maelekezo unanikera. Kupasha betri kabla ya kufika ni jambo sahihi kabisa, na nitalirudia huko mbele. Linafaa pale unapofika na kuchomeka mara moja, na pale Evergreen Park hapakuwa na mara moja.

Waliokuwa kwenye foleni

Mwenye nyumba yenye gereji na soketi ya kuchajia ukutani hakuonekana kwenye picha zile. Gari lake lililala limechomekwa, likaamka na betri ya uvuguvugu na chaji aliyoitaka. Siku ya kazi ya kawaida, hata kwenye nyuzi 23 chini ya sifuri, ingekula sehemu ndogo tu ya chaji hiyo.

Waliopanga foleni walikuwa zaidi wale wasio na mahali pa kuchomeka: wapangaji wa ghorofa, wanaoegesha kando ya barabara, na madereva wa Uber, wakiwemo waliokodi magari ya umeme yasiyo ya Tesla na kupoteza siku nzima wakihangaika kwenye vituo vingine. Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 2020 Uber ilijiwekea lengo la safari zake zote za Marekani, Kanada na Ulaya kuwa za magari yasiyotoa moshi ifikapo 2030, na mwaka 2021 ilitangaza pamoja na kampuni ya kukodisha magari ya Hertz mpango wa kuwafikishia madereva hadi Tesla 50,000. Ni mpango wenye nia njema na kwa siku nyingi za mwaka unamfaidi dereva, maana umeme ni nafuu kuliko petroli. Lakini gari la Uber hutembea kilomita nyingi kwa siku, na likikodiwa na mtu anayeishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya zamani ya matofali, chaji yake yote inatoka kwenye kituo cha umma. Siku tatu kabla ya baridi ile, tarehe 11 Januari, Hertz ilitangaza kuuza magari 20,000 ya umeme, karibu theluthi ya magari yote ya umeme iliyokuwa nayo duniani. Sababu kubwa iliyotoa ilikuwa gharama za matengenezo baada ya ajali, wala haikuhusu baridi. Ila inaonyesha jinsi mpango mzima ulivyokuwa umejengwa juu ya gari, huku mahali pa kulilaza na kulichaji pakiachwa kuwa shauri la dereva.

Hawa ndio watu ambao kila saa ya foleni ni saa isiyo na kipato. Aliyekaa saa sita pale Evergreen Park alipoteza chakula cha siku, kisha akalipia na gari la kuvuta.

Norway, mwezi uleule

Wiki moja kabla ya hapo, tarehe 5 Januari 2024, Kautokeino kaskazini mwa Norway ilipimwa nyuzi 43.5 chini ya sifuri, na siku iliyofuata viunga vya Oslo vilifika nyuzi 31 chini ya sifuri. Norway ni nchi ambayo mwaka 2023 asilimia 82 ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na wakati huo karibu gari moja kati ya kila manne barabarani lilikuwa la umeme. Mabasi ya umeme ya Oslo yalipata taabu kipupwe hicho na safari kadhaa zikafutwa, kwa hiyo sisemi baridi haikuwagusa. Lakini picha ya makaburi ya magari hatukuiona. Takwimu za kampuni ya Viking, inayookoa magari barabarani nchini humo, zilionyesha kwamba kati ya magari yaliyogoma kuwaka, ya umeme yalikuwa asilimia 13 tu, pungufu ya sehemu yake barabarani. Dizeli na petroli zilikuwa asilimia 87.

Magari ni yaleyale, mengi yametoka kwenye viwanda vilevile. Kilicho tofauti ni usiku. Wanorway wengi wenye gari la umeme huchaji nyumbani au kwenye maegesho ya jengo lao, na vituo vya kasi vimetawanyika hadi barabara za mashambani kwa ajili ya safari ndefu. Na kuna desturi ya zamani kuliko gari la umeme: katika nchi za Nordiki, kama ilivyo Alaska, Minnesota na sehemu kubwa ya Kanada, hata gari la dizeli hulala limechomekwa. Injini huwekewa kipasha joto kidogo chenye waya unaoning'inia mbele ya gari, na maegesho ya ofisi na ya nyumba za kupanga yana soketi kwa ajili hiyo. Watu wa huko walijua tangu zamani kwamba chombo chochote kikilala nje kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri bila kitu cha kukipasha, asubuhi kitagoma. Chicago iko kusini zaidi ya sehemu hizo zote. Baridi ya namna ile huijia kwa siku chache tu, si kila mwaka, na jiji halikujijengea desturi hiyo.

Kutoka Chicago hadi Minneapolis

Foleni ni kisa cha mjini. Sasa tuchukue somo lake barabarani, kwenye njia ambayo familia nyingi za Kiafrika Mashariki zinaifahamu, kwa sababu Minneapolis na viunga vyake kama Brooklyn Park vina Wakenya na Wasomali wengi, na harusi au msiba haungoji hali ya hewa. Ni kilomita 665 hivi, kupitia Rockford, Madison, Tomah na Eau Claire.

Tuseme gari lina betri ya kilowati-saa 75. Mwezi wa Julai, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, linakula kilowati-saa 18 kwa kila kilomita 100. Ukiondoka na betri iliyojaa unafika Tomah, kilomita 390, umebakiwa na chaji kidogo. Unachaji hapo, unanyoosha miguu, na unaenda moja kwa moja.

Januari kuna mambo matatu yanayojumlika. Hita tumeshaiona. La pili ni hewa yenyewe: hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko ya nyuzi 20 juu ya sifuri kwa asilimia 16, na gari linasukuma uzito huo njia nzima. La tatu watu hulisahau, nalo ni upepo. Baridi kali ya eneo hili huja na upepo wa kaskazini magharibi, na barabara ya kutoka Chicago kwenda Minneapolis inaelekea kaskazini magharibi. Ukienda kilomita 110 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 30, gari linahisi hewa ya kilomita 140. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo upepo huo peke yake unauongeza kwa zaidi ya asilimia 60. Ukiuzidisha na uzito wa hewa baridi unakaribia mara mbili ya ule wa Julai. Ulaji unaweza kufika kilowati-saa 29 kwa kilomita 100. Betri iliyojaa, ukiiacha asilimia kumi ya akiba, inakufikisha kilomita 230. Madison iko kilomita 235.

Hapo ndipo mtu anapokwama, kwa sababu kioo cha gari asubuhi kiliandika kilomita 420 na yeye akaipanga safari kwa namba hiyo. Namba za kuaminika huanza kuonekana baada ya nusu saa ya barabara kuu. Tazama ulaji halisi wa kilomita 30 zilizopita, ndipo uamue kama utasimama Rockford au utaendelea. Kurudi ni nafuu zaidi, upepo ukiwa mgongoni, na anayejua hili hatashangaa kwamba njia ileile imemla umeme mwingi akienda na kidogo akirudi.

Kitu kinachosaidia kuliko vyote ni kupunguza mwendo. Kutoka 110 hadi 95 dhidi ya upepo uleule, ukinzani wa hewa unashuka kwa asilimia 20. Unachelewa dakika chache kwa kila saa na unaweza kuokoa kituo kimoja kizima. Kisha joto la viti na la usukani: kila kiti kinakula kiasi kidogo mno ukilinganisha na hita ya gari zima, kwa hiyo viti viwashwe kwanza na hita ishushwe nyuzi kadhaa, watoto wakiwa na blanketi. Upepo wa matairi nao hushuka, karibu pauni moja kwa kila nyuzi sita za baridi, na tairi lililolegea hula umeme.

Kuhusu kuchaji, hesabu ya foleni ndiyo inayonifanya nishauri tofauti na wanavyoshauri wengi. Wakati wa joto ni sahihi kufika kituoni na asilimia kumi, kwa kuwa betri ikiwa tupu hupokea haraka. Wakati wa baridi kali fika na 25 au 30. Tofauti hiyo ndiyo itakayokupeleka kituo kinachofuata ukikuta magari kumi yanasubiri, au itakayokupa joto la saa nne hadi tano ikibidi usubiri. Programu za simu na ramani za magari mengi huonyesha ni mashine ngapi ziko wazi. Zitazame ukiwa na chaji ya kubadili uamuzi. Iandikie ramani ya gari kwamba unaelekea kituoni ili ianze kupasha betri, hata kama njia unaijua kwa moyo. Ukifika, chomeka kabla ya kitu kingine chochote. Kukaa hotelini kula saa nzima huku gari limesimama nje bila kuchomekwa ni kulitupa joto ulilolitengeneza kwa kilomita 150.

Hili la mwisho lina uzito mkubwa usiku. Ukifika Minneapolis saa nne usiku betri yako ina joto la safari. Chaji usiku huohuo, kabla ya kulala, hata kama umechoka. Ukisema utachaji asubuhi, utakuta betri imelala kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, na kilichotaka dakika 30 usiku kitataka saa moja na nusu. Kama ndugu yako ana soketi ya kawaida ya nje, tandika waya mzito uliotengenezwa kwa matumizi ya nje na uchomeke. Soketi ya Marekani ya volti 120 hutoa kilowati moja na kitu tu, na kwenye baridi hiyo pengine haitaongeza asilimia nyingi, lakini itasaidia betri isigande.

Hofu kubwa niisikiayo ni ya kukwama kwenye theluji na familia ndani. Hofu hiyo ni ya haki, ila gari la umeme lenye chaji ya kutosha si baya kwa kukwama. Betri hiyohiyo ya 75 ikiwa nusu inaweza kupasha ndani ya gari kwa zaidi ya saa kumi, bila moshi wa kuwalewesha waliomo ndani. Januari 2022 theluji ilifunga barabara ya I-95 jimboni Virginia na watu wengi wakalala humo, akiwemo seneta Tim Kaine aliyekaa saa 27. Magari ya petroli nayo yaliishiwa mafuta usiku ule. Kilichoamua nani apate joto ni alichokuwa nacho kwenye tangi au kwenye betri alipokwama.

Soketi ya usiku

Baada ya kisa cha Chicago majibu yaliyosikika sana yalikuwa kuongeza vituo vya kasi. Vinahitajika, na kwa safari ndefu havina mbadala. Kwa foleni ya Evergreen Park, hata hivyo, vituo vingekuwa tiba ghali kuliko zote. Mashine ya kilowati 250 inapopokea gari lililoganda inafanya kazi ya kipasha joto. Soketi ya kilowati saba kwenye maegesho ya nyumba ya kupanga, ikifanya kazi usiku kucha, ingeingiza zaidi ya kilowati-saa 50 na kuliacha gari likiwa na uvuguvugu asubuhi. Magari 50 yaliyolala hivyo ni magari 50 ambayo hayako kwenye mstari.

Jimbo la Illinois lilikuwa na sheria ya jambo hili hili, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, wiki mbili tu kabla ya baridi ile. Inataka nyumba mpya za makazi zenye maegesho zijengwe zikiwa tayari kuwekewa umeme wa kuchajia magari. Ni sheria nzuri, na inahusu nyumba mpya. Nyumba nyingi za kusini mwa Chicago, wanakoishi madereva wengi waliokuwa kwenye foleni ile, zilijengwa kabla ya wao kuzaliwa, na maegesho yao ni ukingo wa barabara.